Mwalimu na Nyumba ya Magurudumu Mawili

Mwalimu alitufundisha hesabu kwa Kiarabu, alikasirika kwa Kiswahili, na akijumlisha kitu kigumu midomo yake ilikwenda kwa Kiingereza. Sisi wasichana wa darasa lake tulijua hali ya hewa kwa lugha inayotoka. Kiarabu kikiendelea, amani. Akishasema, "Lo! Mwanangu, hicho kichwa au umebeba nazi?" basi wenzetu ambao kwao hakisemwi Kiswahili walitugeukia tuwafasirie, na sisi ambao wazee wetu walirudi nchi hii ya Waarabu kutoka Unguja tulijifanya hatukusikia.

Amestaafu zamani. Mimi mwenyewe nina mtoto anayejifunza kuendesha gari, lakini hadi leo nikimwona Mwalimu kwa mbali mkono wangu unaficha simu wenyewe.

Tulikuwa majirani mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, ukuta kwa ukuta, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuingia kwake nikamkuta peke yake. Kahawa ilikuwa tayari tangu asubuhi, na aliyepita alikaribishwa, awe jamaa, awe yule bwana wa kuleta mitungi ya gesi. Huyu wa gesi alikalishwa kivulini na sahani ya tende na halua, akaulizwa hali ya mama yake, ya watoto wake, na ya mvua za kwao. Ikafika hadi siku za kazi nyingi anatuletea sisi wengine kwanza, mtungi wa Mwalimu anauacha uwe wa mwisho. Mwalimu alilijua hilo, akaongeza tende.

Usidhani lakini kwamba alikuwa mtu laini. Wageni wakishaondoka aliwasahihisha, mmoja mmoja, kama madaftari.

"Yule wa kwanza nane juu ya kumi," aliniambia siku moja, akikusanya vikombe. "Kakataa mara mbili, ya tatu kakubali, kanywa vitatu, kaondoka kabla sijachoka. Mwenziwe nne. Katazama saa."

"Na mimi, Mwalimu?"

"Weye saba. Unakaa kama mtu aliyeacha chungu motoni."

Nilijitahidi miaka mingi, nikaja na sahani za vitumbua, nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Saba haikupanda.

Alikuwa na misemo ya kujitungia. "Kukosea mara moja ni bahati mbaya, mara mbili ni tabia." Huo tuliusikia kila wiki. Mwingine, "Nyumba haipimwi kwa mita, hupimwa kwa vikombe." Na kweli, mwanamke huyu aliyetutia mita na sentimita vichwani kwa ukali, kwake hakuwa na futi wala tepu. Pazia alilipima kwa shibiri, zulia kwa dhiraa, yaani kutoka kiwiko chake mpaka ncha ya kidole chake. Nilipomuuliza mbona, alinitazama kwa huruma. "Mita ni ya shule," alisema.

Sasa, mwenye nyumba alipoitaka nyumba yake, Mwalimu, ambaye ni mjane, ilibidi ahame. Ana mtoto mmoja tu, wa kiume, mhandisi, na mhandisi huyo ana jumba mtaa wa Mawaleh. "Mama, nna vyumba sita, chagua unachokitaka," alimwambia. Si mtu mbaya mwanawe, niseme kweli. Anampenda mama yake mpaka anamchosha. Alimpa chumba cha juu chenye kiyoyozi chake, hamamu yake, na televisheni kubwa kuliko meza yetu ya kulia. Kilichokosekana mle ni mgeni. Kwa mwanawe watu hawaji hivi hivi. Huandika ujumbe kwanza, hupangiwa siku, na wakifika hupokelewa na msaidizi wa nyumbani aliyefunzwa kutomsumbua mama.

Basi Jumanne moja shoga yake wa Ruwi, ambaye walikunywa kahawa pamoja tangu ujana wao, alipanda teksi na jua lile, akafika Mawaleh, akagonga. Msaidizi akamwambia kwa adabu kwamba mama amelala. Mama hakulala. Mama alikuwa amekaa juu kitandani, amevaa, anamngoja. Habari alizipata kwa simu baada ya magharibi, shoga yake alipokwisha kurudi kwake.

"Mtu katoka Ruwi, kafika mlangoni, karudi na kiu yake," aliniambia nilipokwenda kumwona. Alilisema hilo mara nne. Ndiyo siku ya kwanza niliyomwona akilia, na mimi niliona haya kama niliyechungulia mahali nisipopaswa. "Mwanangu kanipa chumba," alisema, "lakini chumba hakina mlango wa barabarani."

Hapo ndipo nilipofahamu anachokitaka. Hakutaka nafasi wala raha. Alitaka mlango wake mwenyewe, afungue yeye, amwambie mtu karibu.

Wiki moja baadaye alinipigia. "Una nafasi? Nipeleke Wattaya." Nikajua anataka gari, maana Wattaya watu huenda kununua magari. Tulizipita taa zote za maduka ya magari mapya, akanielekeza nyuma, kwenye ua wa karakana, na hapo akanionyesha karavani. Ilikuwa nyumba ya bati jembamba juu ya magurudumu mawili, zile za kukokotwa na gari, iliyoachwa na mgeni aliyerudi kwao. Madirisha yalibandikwa utepe. Ndani paka alikuwa amezaa.

"Mlango uko upande mbaya," alisema fundi, kijana wa Nakuru, Kenya, anayefanya kazi pale. "Hii ilitengenezewa watu wanaendesha kushoto."

"Kama kwetu," alisema Mwalimu, ambaye Unguja aliondoka mtoto na hajaiona tena. Akaipiga bati kofi mbili, kama mtu anunuaye ng'ombe. "Ndiyo hii."

Shauri lake lilikuwa moja. Ataisafisha, ataijenga upya, na ataisimamisha ndani ya ua wa mwanawe, pembeni mwa geti, mlango ukitazama njia. Atakuwa kwa mwanawe na atakuwa kwake. Mwanawe alicheka, kisha akaona mama hacheki. Mwisho walikubaliana mbele yangu: akimaliza, mhandisi ataikagua kama anavyokagua kazi nyingine. Ikiwa si salama, khalas, mama anarudi chumbani juu na karavani inakwenda kuwa chuma chakavu.

"Nshakubali," alisema Mwalimu. "Nimesahihisha wengi. Na mie nisahihishwe."

Kila asubuhi nilimshusha Wattaya nikielekea kazini, amevaa dishdasha, kanzu yake ya jikoni, kanga kichwani, na glovu za kuoshea vyombo. Kazi ya kwanza ilikuwa kuitoa matumbo. Vitanda vilitoka, makabati yalitoka, choo kilitoka. "Choo kipo kwa mwanangu," alisema, "hii nyumba ya kahawa." Fundi alipobandua ukuta, plaiwudi ilimmomonyokea mikononi kama kashata mbovu, na nyuma yake sponji lilikuwa limelowa tangu enzi za mwenyewe wa kwanza.

"Mwalimu, hii kitu ilikuwa inashikiliwa na rangi peke yake," fundi alisema.

"Basi rangi ilikuwa na imani. Endelea."

Skrubu hazikutupwa. Alizipanga kwa urefu ndani ya makopo ya maziwa, na fundi akipita bila haraka aliinuliwa skrubu moja mbele ya pua. "Hii kopo gani?" Fundi yule aliniambia kwamba aliikimbia shule ya Nakuru akavuka bahari, kumbe shule ilikuwa imetangulia inamngoja Wattaya.

Vita vya kwanza vilikuwa vya milango. Karavani ina mlango mmoja. Mwalimu akaagiza wa pili.

"Wa nini, Mwalimu? Hii nyumba ni hatua nane."

"Wanaume wakija watapita wapi?"

"Wanaume gani?"

"Sijui. Lakini wakija."

Mlango wa pili ukakatwa, dhiraa tatu kutoka wa kwanza. Mwanamume akitoka kwake na mwanamke akitoka kwake wangegongana vichwa palepale ngazini, lakini wangegongana kwa heshima.

Vita vya pili vilikuwa vya ubao wa kukalia. Siku hiyo Mwalimu hakwenda, alikuwa na mafua, akatoa amri kwa simu: ubao wa dhiraa nane. Fundi alikuwa mtiifu. Akapima dhiraa nane kwa mkono wake, na fundi yule ana mikono ya kuchumia nazi bila kupanda. Ubao ulipoingizwa ulitokeza nje kwa mlango wa wanaume. Mwalimu alipouona aliupima upya kwa mkono wake. "Kosa la nani?" aliuliza. Sisi wawili tukatazama chini, na yeye akajijibu mwenyewe kwamba ni la mkono wa fundi.

Ramani aliichora kwenye karatasi ya miraba. Kila mgeni alikuwa nukta. Nilihesabu nukta kumi na moja zimezunguka majlisi, mahali pa kukaa wageni, zimeegemea mito, na duara la sinia katikati. Jiko lilikuwa pembeni, na chetezo cha udi kilikuwa na rafu yake.

"Na wewe utalala wapi, Mwalimu?"

Aliitazama karatasi ile muda mrefu. Nilimwona akiigeuza. Mwalimu wa hesabu, miaka thelathini ya kazi, alikuwa amejenga nyumba akajisahau yeye.

"Mwenye nyumba halali wageni wakiwapo," alisema mwishowe.

"Na wakishaondoka?"

"Ntalala walipokaa. Patakuwa na joto lao."

Vita vya tatu alishinda, na bora angeshindwa. Karavani ina miguu minne ya chuma pembeni, ya kuteremsha kwa kuzungusha, ili ikisimama isinesenese. Mwalimu akaona ile ya mbele iko karibu na ngazi. "Vyuma hivi vitakamata abaya za watu," alisema. "Mtu mzima aje kwangu aondoke kachanika? Toa."

"Mwalimu, hii miguu tusitoe. Nakuomba."

"Toa."

Fundi akatoa yote minne. Aliiweka kando, akaifunika turubali. Namshukuru Mungu kwa watu wanaonyamaza na kuweka vitu kando.

Karavani ilikokotwa mpaka Mawaleh ikasimamishwa pembeni mwa geti. Siku ya ukaguzi ilipofika, Mwalimu alialika wazee wenziwe wanane, wote wanawake, saa ileile ya mwanawe. Nilimwambia asubiri ikaguliwe kwanza. "Nyumba haina wageni, atakagua nini?" alinijibu. Nilikuwapo mimi wa kumimina kahawa, nimesimama upande wa mbele karibu na jiko. Majlisi ilikuwa nyuma, mbali na mlango, kama inavyotakiwa.

Na sisi tuna desturi zetu. Anayeingia hakai mlangoni. Aliyetangulia humsukuma juu, mahali pa heshima, na yeye hukataa, na hapo huapiana.

"Pita juu, bibi."

"Hapahapa pananitosha."

"Wallahi hukai hapo."

Wa kwanza akasogea nyuma. Wa pili akaapiwa, akasogea. Wa tatu, wa nne. Kila aliyeingia alipandishwa juu zaidi, mito ikabanana, abaya zikapandana. Wa nane alikuwa yule shoga yake wa Ruwi. Mwalimu mwenyewe alimshika mkono mlangoni. Alimwambia karibu, akaisema mara ya pili. Akampeleka moja kwa moja kwenye mto wa mwisho kabisa, chini ya dirisha la nyuma, na wanawake saba wakasogea zaidi kumpisha.

Nikahisi sakafu inainuka chini ya miguu yangu. Taratibu kabisa, bila kelele, mbele ilipanda na nyuma ikashuka, hadi kitako cha karavani kikagusa chini kwa mshindo mmoja. Sinia ikateleza yenyewe kwenda kwa wageni. Halua ikafika kwa shoga wa Ruwi bila kupelekwa na mtu. Mimi nilishika sinki, chupa ya kahawa kifuani, nikiwatazama wazee wanane walioviringika pamoja mahali pa heshima. Na huyu ndiye aliyetufundisha mizani, kwa rula na kifutio, akatupiga marufuku kusahau kwamba mzigo wa mbali na egemeo ndio unaoshinda.

Mlango wa wanaume ukafunguka. Mhandisi alisimama nje, uso sawa na magoti yangu.

"Mama!"

Kisha kutoka chini ya mito na abaya ikasikika sauti ya shoga wa Ruwi, shwari kabisa: "Kahawa nimeikosa siku ile. Leo sishuki mpaka ninywe."

Mwalimu akacheka. Alicheka mpaka kanga ikamwanguka, akashika ukuta, akacheka tena, na wazee wote wakamfuata, karavani ikitikisika na kila kicheko. Mimi nilikwenda kwa magoti, nikateremka mteremko ule nikiwamiminia mmoja mmoja. Walikunywa wameinama upande, na kila mmoja alitikisa kikombe kwa adabu alipotosheka, kama hapana kilichotokea.

Mhandisi alikuwa bado amesimama. Nilipofika mlangoni alinishika kwa neno, si kwa mkono. "Tangu tuhame sijamsikia akicheka," alisema taratibu. "Mie nilidhani anataka vyumba."

Wageni waliteremshwa kwa hesabu, wa nyuma kabisa kwanza, kwa amri za Mwalimu aliyekumbuka ghafla somo lake mwenyewe. Wote walipokuwa chini alikwenda mbele ya mwanawe, akasimama wima, mikono nyuma, kama sisi tulivyosimama mbele yake zamani. Hakucheka tena.

"Haya, sema," alimwambia. "Nimefeli."

"Miguu irudishwe," alisema mwanawe.

"Na mie?"

Mwanawe alitazama karavani, akatazama mama yake, akatazama ile foleni ya wazee wanaokung'uta halua kwenye abaya. "Wewe ubaki nayo, mama."

Fundi hakungoja aambiwe. Miguu yote minne alikuwa nayo kwenye gari. Mhandisi alivua kofia yake, akakunja mikono ya dishdasha, wakalala chini ya karavani wawili, na Mwalimu akawasimamia, akiwauliza kila skrubu imetoka kopo gani.

Haya ni ya miaka minne iliyopita. Matairi yameshakaa chini na majani yameota kati yao. Fundi aliweka kengele ya moshi kwa usalama, ikawa kila udi ukiwashwa, nao kwetu huwashwa mgeni akitaka kuondoka, inalia, na mtaa mzima wa Mawaleh unajua Mwalimu ana wageni wanaoaga.

Juzi nilikwenda kumwona baada ya alasiri. Nyonga inamsumbua sasa, anatembea kwa fimbo, na mwanawe anamtaka alale ndani ya jumba. Usiku amekubali. Mchana hasikii la mtu. Nilimkuta na vikombe vya wageni waliotangulia, tukanywa, tukasema watu, udi ukapita, kengele ikalia, nikaaga. Akatafuta viatu vyake.

"Mwalimu, kaa. Gari iko hapo tu."

"Mgeni wangu haondoki peke yake."

Akanisindikiza. Hatua thelathini hivi, na tulizitembea kama tunavuka jangwa, yeye mbele na fimbo. Kwenye gari nikaona siwezi kumwacha arudi vile, nikamshika mkono, nikamrudisha mpaka ngazini. Tulipofika akageuka. "Sasa weye utakwendaje peke yako?" Akanisindikiza tena. Nikamrudisha tena. Mwanawe alituona kutoka jumba kubwa, akaja mbio.

"Mama, pumzika, mie ntampeleka."

"Mgeni wako huyu?"

"La."

"Basi."

Safari ya tatu tulikwenda watatu. Tuliporudi ngazini, Mwalimu alikuwa anahema, na bado mkono wake uliushika mlango tayari kwa safari ya nne. Nilikuwa nimeshindwa. Nikamwambia, "Mwalimu, mie si mgeni kwako."

Alinipima kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Si mgeni?"

"La, Mwalimu."

"Basi ingia uoshe vikombe. Vimenikaa tangu adhuhuri."

Nikavua viatu, nikaingia, nikafungua bomba. Yeye alijishusha kwa shida kwenye mto wa mlangoni, akanyoosha mguu, akavuta pumzi. Nje nilimsikia mwanawe, mhandisi mzima, mwenye ua na geti na vyumba sita, akiuliza kwa sauti ndogo kama naye anaweza kuingia.

"Ngoja kidogo," Mwalimu alimwambia. "Nna mtu ndani."